Chumba Kinatumika

Nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari mjini Moshi, na kila mwaka nafika kwenye mada ya Bunge. Nawaambia wanafunzi kwamba kazi ya mbunge si kutunga sheria tu. Ana kazi pia ya kuisimamia serikali, ile ya juu na ile ya wilayani, kuiuliza fedha za wananchi zimefanya nini na huduma ziko wapi. Wanaandika. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nimewahi kuona mbunge akiuliza hayo kwa macho yangu. Nikamwambia amalize kwanza kuandika.

Nimeona, mara moja. Ilikuwa nyumbani kwetu mlimani, na ilianza na simu ya mama. Mama yangu ni mtu wa kubipu. Akipiga mwenyewe mpaka ikapokelewa, ujue kuna jambo. Aliniambia kwamba kamati ya wabunge inakuja kuikagua halmashauri yetu na kwamba kijijini kwetu watakuja kuona chumba cha wazazi, kile cha kujifungulia. Alitaka nipande kutoka Rau ninakokaa nikamsaidie kupunguza maneno, kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema na alisikia waheshimiwa hawapendi maelezo marefu.

Chumba chenyewe kilijengwa kwenye ardhi yetu. Zahanati ya kijiji ni ndogo, ya kutibu homa na kufunga vidonda, na ilikuwa haina mahali pa kuzalishia. Halmashauri ilipopata fedha za kuongeza jengo, eneo halikutosha. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akaitisha kikao cha ukoo, akasema kipande cha chini cha kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kitolewe bure ili wanawake wasiteremke tena mjini na matumbo yao. Wazee wa ukoo walinung'unika, wakanywa mbege, wakakubali. Migomba ikakatwa, na isale likapandwa kuonyesha mpaka mpya.

Jengo likaisha. Likapakwa rangi, likawekwa milango na kitanda na kufuli kubwa, na hapo ndipo kazi ilipokoma. Mara tuliambiwa bado maji, mara bado mkunga, mara mchakato unaendelea. Sijui neno ambalo limekula miaka ya watu kuliko hilo la mchakato. Mama alikuwa akilitazama lile kufuli kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe.

Masika iliyofuata, wifi yangu, mke wa mdogo wangu, akashikwa na uchungu. Mdogo wangu ni mwongoza watalii, alikuwa juu mlimani na wageni wake ambako simu hazishiki. Majirani wakampakia wifi kwenye gari wateremke naye mjini. Barabara yetu wakati wa mvua ni utelezi mtupu. Gari likakwama kwenye kona ya juu ya daraja na mtoto akazaliwa humo garini, akiwa amechoka sana. Hakulia. Walimzika kihambani, na kaburi lake liko karibu na ukuta wa kile chumba kiasi kwamba jua la jioni hulitupia kivuli cha paa. Hilo ndilo mama alitaka kuwaambia wabunge. Na alitaka kuwaambia sasa, kwa sababu wifi alikuwa mjamzito tena na mwezi wake umefika.

Nilifika siku moja kabla ya wageni. Mama alinipokea huku akiendelea na kazi, akanisomea hotuba yake kwa kichwa akiwa anamenya ndizi za mtori wa kuwakirimu waheshimiwa. Ilikuwa ndefu. Ilianzia kwa babu yake baba. Nikamwondolea babu, nikamwondolea historia ya mfereji na ugomvi wa majirani, nikamwachia kufuli, gari na kaburi. Nikamwambia asilie akiwa anasema, wataanza kumpa pole badala ya kumsikiliza.

"Nilie nini?" akasema. "Nimeshalia."

Jioni, mama akiwa anakamua, mtendaji wa kijiji akaingia uani. Ni mtoto wa baba yangu mdogo, tumekula sahani moja utotoni, na kazi yake ni kuisemea halmashauri kijijini na kukisemea kijiji halmashauri. Alisimama pembeni ya banda la ng'ombe bila kukaa, akamwamkia mama shikamoo, na nikaona ameshika jani la isale lililopigwa fundo.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini moyo wangu ulishtuka. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani, ukiuona katikati ya migomba unajua hapa kihamba cha mtu kimekwisha. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu akikukosea akaja nalo, ukalipokea, umemsamehe, na jambo hilo hulisemi tena mbele ya watu. Na kulikataa sijawahi kuona kunafanywa, hata na watu ambao wamenuniana miaka. Mchungaji wetu analijua, wazee wa usharika wanalijua, na hata vijana wa bodaboda wanaojifanya wa Dar wanalijua.

Mtendaji akaeleza kosa lake taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asije akauvunja. Alikuwa ameulizwa na wa juu yake kama chumba kinatumika. Wa juu yake naye alikuwa ameulizwa na wa juu zaidi. Wote walitaka jibu moja, na yeye akawapa. Sasa wabunge wanakuja na jibu hilo mkononi. Mama akisimama kesho akasema habari ya kufuli, hakuna mkubwa atakayeanguka. Atakayeanguka ni yeye, na ana watoto wako shule. Akaomba asamehewe mapema.

Mama aliendelea kukamua mpaka akamaliza. Akaweka ndoo pembeni, akapangusa mikono kwenye kanga, akalipokea jani.

Nilidhani yameisha. Kumbe mtendaji alikuwa na la pili. Alisema kitanda kikiwa kitupu kitaonekana vibaya. Mkunga ameazimwa kwa siku moja kutoka kituo cha afya cha chini, shuka mpya zimepatikana, mgonjwa ndiye hayupo. Kama wifi angekubali kulala pale kidogo tu, mpaka wageni wapite.

Nilimwambia hana haya. Nilisema mengine pia, ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema.

"Mwalimu," akanijibu, "sina."

Mama akasema hilo si lake la kujibu, aulizwe mwenye tumbo. Wifi alikuwa jikoni mlangoni akipepeta mchele, amesikia kila neno. Ni mtu wa Masama, mpole, wa maneno machache, na tangu afiwe na mtoto maneno yalikuwa yamepungua zaidi. Aliuliza kama mkunga atakuwepo kweli. Akaambiwa atakuwepo. Akauliza kama shuka ni mpya kweli. Ni mpya. Basi, akasema, atalala.

Niliwakasirikia wote watatu. Nilimkasirikia mtendaji kwa woga wake, mama kwa kulipokea jani, na wifi kwa kukubali kufanywa pambo la chumba ambacho kilifungwa siku aliyokihitaji. Niliikasirikia mila yenyewe pia, ambayo siku zote nilikuwa nikiisifia mbele ya walimu wenzangu wa bara na wa pwani.

Asubuhi wanawake wa kijiji walipanga foleni kutoka mferejini na ndoo vichwani, wakajaza tenki la chumba ili bomba litoe maji. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mkunga aliletwa na gari la halmashauri, dada wa makamo aliyezaliwa Majengo, mjini, amejifunga mtandio mweupe chini ya kofia ya kazi, na alikuwa na sura ya mtu aliyetolewa kazini kwake bila kuulizwa. Alimpima wifi shinikizo la damu, akamgusa tumbo, akauliza amehudhuria kliniki mara ngapi. Nilishangaa. Nilitegemea angemwonyesha tu pa kulala.

Mashangingi yakafika yamefuatana, vumbi jekundu juu ya rangi nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kuwadharau wabunge na sikufanikiwa, angalau si kwa mwenyekiti wao. Alikuwa mzee mwenye miwani na sauti ya chini, na aliuliza vizuri. Chini ya turubai, baada ya itifaki kuzingatiwa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, alimuuliza mkurugenzi wa halmashauri jengo lilikamilika lini, nani alilipokea, maji yanatoka wapi, mkunga ni wa kudumu au wa muda. Mkurugenzi akajibu kwa lugha ile ya ofisini ambayo ina viunganishi vingi kuliko habari. Mhandisi akamsaidia. Mganga mkuu naye akamsaidia. Mwenyekiti akawaacha wamalize, kisha akauliza swali lake kwa ufupi. Jengo linatumika?

"Linatumika, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema mkurugenzi.

Kwenye benchi la nyuma mtendaji wetu aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akasema basi twende tukaone.

Wachache waliingia, wengine tukajaa madirishani. Mkunga alifungua bomba, likakohoa, likatoa maji. Mbunge mmoja akapiga picha. Wifi alikuwa amelala ubavu, shuka imemfika kifuani, na shuka hiyo ilikuwa bado na mistari ya kukunjwa dukani. Mwenyekiti aliishika kwenye pindo, akaitazama ile mistari, akaiachia. Nina hakika aliona. Kwa nini hakusema, sijui. Labda alikuwa na vijiji vingine vya kwenda, au labda alitaka kusikia kwanza kutoka kwa mwenye kitanda.

"Hujambo, mama. Umelazwa lini?"

"Sijambo, Mheshimiwa. Leo asubuhi."

"Na utajifungulia hapa?"

Wifi akamtazama mkunga. Akamtazama mtendaji aliyekuwa mlangoni na ufunguo mfukoni. Kisha akamtazama mwenyekiti usoni, jambo ambalo wake wa kwetu hawalifanyi kwa mgeni mzee.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nitajifungulia hapa."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mimi dirishani nikasema moyoni kwamba wifi amejifunza kudanganya haraka.

Tuliporudi chini ya turubai mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi mwenye kero. Kijiji kizima kikageuka kumtazama mama, kwa sababu hakuna asiyejua kaburi lile ni la nani. Mama akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimwona akipita juu ya hotuba yake yote, kufuli, gari na kaburi, na kuiacha ilipo.

"Nawashukuru kwa kuja," akasema. "Mtori uko tayari. Karibuni."

Akaketi. Waheshimiwa wakapiga makofi. Mwenyekiti aliipongeza halmashauri kwa kusogeza huduma, akaiagiza ilete maelezo ya maandishi juu ya ajira ya mkunga, waheshimiwa wakala mtori, mmoja akaomba afungiwe mwingine wa kwenda nao, na magari yakaondoka kwa mpangilio uleule. Nilijisikia vibaya mno. Nilikuwa nimeona kile ninachokifundisha kikifanyika karibu sawasawa na kitabu, maswali yote yakiulizwa na mtu anayejua kuuliza, na hakuna kilichobadilika ila mawe yamekuwa meupe.

Dereva wa halmashauri akapiga honi kumwita mkunga, maana alikuwa amebaki kumrudisha. Mtendaji akaja na kufuli. Niliingia chumbani kumsaidia wifi kuamka, na nikamkuta bado amelala ubavu, amevuta shuka mpaka shingoni.

"Amka twende, wifi. Wameshaondoka."

"Siamki."

Alisema bila kupandisha sauti. Nilifikiri anaumwa. Mkunga akasogea, akamuuliza kama uchungu umeanza. Hapana, alisema, haujaanza. Lakini mheshimiwa amemuuliza kama atajifungulia hapa naye amejibu ndiyo, mbele ya kamati na mbele ya mkurugenzi, na hakuna aliyembishia. Hawezi kwenda kumfanya mzee wa watu mwongo.

Mtendaji akaingia, kijasho kinamtoka. Alimwita shemeji, akambembeleza, akamkumbusha makubaliano yalikuwa mpaka wageni wapite. Shuka ni za kurudisha. Gari linasubiri. Wifi akafumba macho.

Nilitoka nje kumtafuta mama, nikamwona anapanda kuelekea mpakani. Hakuwa na haraka. Alifika kwenye isale la mpaka, lile lililopandwa siku alipotoa ardhi, akachagua jani, akalichuma. Alirudi akilipiga fundo huku anatembea, akapita karibu nami bila kunitazama, akaingia chumbani akasimama mbele ya mtendaji.

"Mwanangu, jana uliniomba nami nikakupa," akasema. "Leo ni zamu yangu. Nakukosea. Mke wa mwanangu haamki, na mimi siwezi kumwamsha. Nisamehe."

Akamnyooshea jani.

Sijawahi kumwona mtu akitazama kitu kidogo namna ile kwa hofu kubwa namna ile. Alikuwa na kufuli mkono wa kulia. Alinitazama mimi, akamtazama wifi, akatazama dirishani ambako majirani walikuwa wamejaa tena kama walivyojaa kwa wabunge, safari hii bila kusukumana. Angeweza kukataa. Angekuwa wa kwanza kijijini kwetu. Akahamisha kufuli mkono wa kushoto, akalipokea.

Mkunga hakuelewa lile jani. Kwao Majengo hakuna isale. Aliuliza tu kama mgonjwa anabaki au anaondoka, ajue. Akaambiwa habaki kwa ruhusa ya mtu, lakini haondoki. Basi, alisema, yeye hajawahi kumwacha mjamzito aliyefika mwezi wake kitandani akaenda zake, wala hataanza leo kwa sababu ya honi. Akatoka, akamwambia dereva ashushe mkoba wake na amfikishie mganga mkuu salamu. Dereva alibishana kidogo, akaangalia saa, akaondoka. Nilimpenda yule dada papo hapo.

Jioni mtendaji alikuwa bado amekaa kwenye ngazi ya chumba, hajui aende nyumbani au la. Mama alikuwa amemtumia bakuli la mtori na hakuligusa. Simu yake ikaita. Tulijua ni wilayani kwa namna alivyosimama kuipokea. Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka nilipokuwa nimekaa na wifi ndani, ikiuliza mkunga yuko wapi, shuka ziko wapi, kwa nini mlango haujafungwa. Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado ana lile jani, amelizungusha kidoleni.

"Chumba kinatumika, mkurugenzi," akasema.

Upande wa pili ukauliza amesema nini. Akarudia maneno yaleyale, safari hii polepole, kama anayasikia kwa mara ya kwanza. Kisha akakaa, akavuta bakuli, akala mtori ukiwa umepoa.

Mtoto alizaliwa wiki ileile, mchana, mvua imeanza na barabara imeshaharibika. Wa kike. Alilia mpaka mama akamsikia kutoka bandani kwa ng'ombe. Mdogo wangu aliposhuka mlimani alichinja mbuzi, na mtendaji alipata sehemu yake kama ndugu. Wanawake wengine wakaanza kuja, kwanza mmoja, halafu wakawa wanakuja tu. Mkunga aliyeazimwa kwa siku moja bado hajarudishwa, na huko wilayani nasikia suala lake liko kwenye mchakato. Kufuli mama alikuja kuliomba, kwa kuwa halikuwa na kazi. Analifungia banda la kuku.